Maswali Yenu kwa Fundi: Trela Haishiki Breki, Kontrola Inalaumiwa

Barua za safari hii, kutoka Njoro hadi Kisumu, karibu zote zinahusu breki za umeme za trela na kontrola, yaani kifaa cha kwenye gari kinachozipelekea breki hizo umeme. Zile zinazofanana tumezijibu pamoja.

Bwana fundi, salamu. Nina trela ya ekseli mbili ya kubebea ng'ombe, breki za umeme kwenye magurudumu yote manne, dramu za inchi 12. Naivuta kwa pikapu ya volti 12. Nikikanyaga breki, namba kwenye kontrola zinapanda vizuri, lakini trela inanisukuma tu, hasa nikiteremka Sachangwan kuelekea Salgaa. Fundi wa kwanza alibadilisha kontrola. Wa pili naye anataka kuibadilisha tena. — Mfugaji, Njoro

Ndugu mfugaji, usinunue ya tatu. Namba zinazopanda kwenye kioo ni za umeme unaotoka kwenye kontrola. Hazisemi lolote kuhusu umeme uliofika magurudumuni. Katikati hapo kuna plagi, waya wa mita kumi hivi, viungo na athi (njia ya umeme kurudi kwenye betri), na ugonjwa mwingi hukaa humo.

Kwanza jinsi breki hii inavyofanya kazi, maana ndipo mafundi wengi wa magari hupotea. Sumaku iliyo ndani ya dramu (ngoma ya chuma inayozunguka na gurudumu) haisukumi viatu vya breki. Ikipata umeme hunata kwenye uso wa dramu unaozunguka, huburutwa nao, na kule kuburutwa ndiko kunakovuta mkono wa chuma unaobana viatu. Viatu vikiwa mbali na dramu, mkono huo humaliza mwendo wake kabla havijagusa sawasawa, hata kama umeme umetimia. Na breki nyingi za aina hii hazijikazi zenyewe. Ni lazima mtu alale chini ya trela azikaze.

Kwa hiyo anza hapo. Weka jeki kwenye fremu, si kwenye bomba la ekseli, utie na stendi. Nyuma ya bamba la breki kuna tundu lililozibwa kwa kifuniko cha mpira. Ingiza bisibisi bapa mpaka ukute gurudumu dogo lenye meno. Lizungushe huku mwenzako akizungusha tairi kuelekea mbele, mpaka tairi liwe zito kabisa. Kisha rudisha meno nyuma hadi tairi lizunguke huru na lisikike likikwaruza kidogo tu. Mara nyingi huwa meno 8 hadi 10, lakini lisikilize tairi kuliko kuhesabu. Fanya yote manne, maana ukikaza matatu trela itavutia upande mmoja. Viatu vipya vikazwe tena baada ya kilomita 300 hivi za mwanzo, halafu kila kilomita 5,000. Kwa anayeishi kwenye murram, sisi tungesema 3,000.

Kama hilo halikutibu, pima ampea. Hapa wengi hukosea kifaa. Mita nyingi za kubana waya za bei ya chini hupima ampea za AC peke yake. Ukibana waya wa trela zitakuonyesha sufuri na utaapa kwamba umeme haupiti. Tazama kama upande wa A una alama ya mstari ulionyooka wenye vistari vidogo chini yake. Kama haina, tumia multimita ya kawaida kwenye tundu la 10A, ila kumbuka breki zako nne kwa pamoja huvuta zaidi ya ampea 10. Utaunguza fyuzi ya mita, au mita yenyewe kama tundu hilo halina fyuzi. Chomoa nyaya za ekseli ya nyuma upime ya mbele, kisha ubadilishe. Usizidishe sekunde 10 kila mara.

Mita inakaa katikati ya waya wa buluu, ule unaotoka kwenye kontrola kwenda kwenye breki. Panga geini (kipimo cha nguvu ambayo kontrola inaruhusiwa kutoa) mwisho, sukuma kitelezi cha mkono kilicho kwenye kontrola mpaka mwisho, ndipo usome. Kitelezi kikiwa nusu, kontrola hutoa umeme kwa mapigo ya haraka na mita ya kawaida huyasoma mapigo hayo vibaya, ndiyo maana watu wawili hupima trela moja na kupata majibu mawili.

Sumaku moja ya dramu ya inchi 10 au 12 huwa na ukinzani wa karibu omu 3.2 na huvuta ampea 3 hadi 4. Ekseli moja basi isome 6 hadi 8. Ikisoma 3 hadi 4, sumaku moja imekufa au waya wake umekatika. Ikisoma sufuri, angalia waya wa breki na athi. Ikizidi 8 kwa mbali, kuna shoti. Ikisoma 4 au 5 kwenye kila ekseli, umeme unapotea njiani. Na ikisoma vizuri kabisa lakini trela bado inasukuma, acha nyaya, fungua dramu: tatizo ni grisi kwenye lainingi (bamba la kusugua lililobandikwa kwenye kiatu), sumaku iliyolika au mkono uliokwama.

Kuhusu umeme kupotea njiani, hesabu hii inafaa kuandikwa ukutani gereji. Waya wa milimita mraba 1.5, wenye urefu wa mita 10 kwenda na 10 kurudi, ukibeba ampea 12 hupoteza karibu volti 2.8. Wa 2.5 hupoteza 1.7. Wa 4 hupoteza kama 1. Trela nyingi tunazoona zimefungwa waya uleule wa taa, na wenye trela hushangaa breki zikilala. Weka wa milimita 4 kutoka kontrola hadi kwenye ekseli, na athi yake iwe ya unene uleule.

Ikiwa kuna shoti isiyoonekana, tazama ndani ya bomba la ekseli. Viwanda vingi hupitisha nyaya humo kutoka gurudumu moja kwenda la pili, nazo hucheza na kujichubua kila trela inaporuka shimo. Usijisumbue kuzivuta. Zikate pande zote mbili, pitisha nyaya mpya nje, juu ya bomba, ndani ya mfereji wa plastiki uliofungwa imara.

Na kama huna mita kabisa: dira. Hata ile ya kwenye simu, ikiwa simu yako ina kihisi chake. Isogeze karibu na dramu huku mtu akisukuma kitelezi. Sindano ikiruka, sumaku hiyo inapata umeme. Haikuambii ni kiasi gani, lakini kwa dakika mbili umejua gurudumu lipi limekufa.

Fundi, sisi tuna lori la volti 24 na trela ya breki za umeme za volti 12. Fundi wa umeme amesema tuchukue volti 12 kutoka kwenye betri moja kati ya zile mbili za lori. Ni sawa? — Mama wa shamba, Kitale

Hapana, mama, usikubali. Betri mbili zimefungwa moja nyuma ya nyingine na altaneta huzichaji kama kitu kimoja. Ukiinyonya moja peke yake, hiyo itabaki na njaa daima na ile nyingine itachajiwa kupita kiasi. Mwishowe utanunua zote mbili.

Na asikudanganye mwingine kwamba sumaku zitavumilia volti 24. Volti zikiwa mara mbili, ampea huwa mara mbili, na joto kwenye koili huwa mara nne. Zitanata vizuri sana siku ya kwanza, kisha utasikia harufu.

Kinachotakiwa ni konvata ya kushusha 24 hadi 12. Soma kibandiko chake kwa makini: namba kubwa iliyoandikwa mbele mara nyingi ni ya kilele cha sekunde chache. Kwa ekseli mbili unataka ampea 20 za mfululizo. Jambo la pili, ambalo husahaulika karibu kila mara: waya mwekundu wa kontrola hupokea ishara kutoka kwenye swichi ya taa za breki, na kwenye lori lako ishara hiyo ni volti 24. Funga relei (swichi inayoendeshwa na umeme) ya koili ya volti 24, ambayo ikivutwa inapeleka volti 12 za konvata kwenye waya mwekundu. Bila relei hiyo unaunguza kontrola siku ileile unayoifunga. Na balbu za trela zibadilishwe ziwe za 24.

Nikiwasha indiketa ya kushoto, trela inashika breki kidogo kidogo kwa mdundo wa indiketa. Ni shetani gani huyu? — Dereva, Ahero

Ni athi. Umeme wa taa umekosa njia ya kurudi kwenye pikapu, ukatafuta nyingine kupitia sumaku za breki. Chukua waya mrefu, unganisha fremu ya trela na upande hasi wa betri ya pikapu moja kwa moja. Mdundo ukikoma, umeshapata jibu. Weka waya mweupe wa athi unaostahili hadi kwenye plagi. Usitegemee chuma cha kiungo cha kuvutia trela, maana kimejaa grisi na kutu na hakikuwekwa hapo kupitisha umeme.

Ikiwa mdundo haukukoma, tazama rangi za plagi. Trela nyingi zilizotoka Marekani hutumia waya wa buluu kwa breki. Plagi ya duara ya pini 7 ya mtindo wa Ulaya, iliyozoeleka huku kwetu, ina waya wa buluu kwenye pini ya 2 na kazi yake ya asili ni taa ya ukungu ya nyuma. Fundi anayeunganisha buluu na buluu bila kupima huleta vituko. Chukua taa ya kujaribia, pima pini moja moja, andika kwenye karatasi.

Naunda trela hapa Kakamega. Mteja amerudisha moja, anasema gurudumu la kulia linajifunga ghafla hata akigusa breki kidogo, na la kushoto halifanyi kitu. Seti zote ni mpya. — Fundi wa jua kali, Kakamega

Fundi mwenzetu, seti hizi zina kushoto na kulia, na kwa macho zinafanana sana. Kiatu chenye lainingi fupi lazima kielekee mbele ya trela, kile chenye lainingi ndefu kielekee nyuma. Ukizibadilisha, breki itashika unaporudi nyuma na kulegea unapoenda mbele. Hiyo inaelezea la kushoto kama ulifunga seti mbili za upande mmoja, na hutokea zaidi kwa anayenunua kutoka kwenye maboksi yaliyofunguliwa. Nyaya mbili za sumaku, kwa upande mwingine, hazina chanya wala hasi; wowote unaweza kuwa athi. Usipoteze muda kuzigeuza.

La kulia linalojifunga ghafla lina sababu zaidi ya moja. Grisi kwenye lainingi ndiyo ya kwanza kuishuku. Watu hudhani grisi hufanya breki iteleze tu. Mara nyingi kiatu chenye grisi hushika kwa kishindo kisha kuachia. Huwa imetoka kwenye habu (kitovu cha gurudumu chenye beringi) iliyopakwa grisi kupita kiasi, au sili iliyofungwa mara ya pili baada ya kufunguliwa. Sili ni kitu cha bei ndogo, weka mpya kila unapotoa habu. Lainingi iliyolowa usiioshe kwa petroli ukaamini imepona. Ibadilishe, na ubadilishe ya gurudumu la upande wa pili pia.

Kisha beringi. Habu ikicheza, sumaku hugusa dramu kwa pembe na hulika upande mmoja kama kabari. Unapofunga, kaza nati hadi karibu Nm 68 huku ukizungusha habu, ili beringi zikae mahali pake. Ilegeze kabisa, kaza tena kwa vidole tu, tia pini. Anayeiacha kwenye Nm 68 ataokota beringi barabarani.

Sumaku yenyewe iwekee rula juu ya uso wake. Uso uwe bapa. Ukiona koili ya shaba ikichungulia, imekwisha. Kuipima ndani: weka mwili wa sumaku juu ya ncha hasi ya betri, gusisha waya wake mmoja kwenye ncha chanya kupitia mita. Ampea yoyote ikipita, imepiga shoti ndani. Sumaku hubadilishwa mbili kwa pamoja kwenye ekseli moja, na ukichonga uso wa dramu zinakonata, weka sumaku mpya. Lainingi ikibaki milimita 1.6 au chini, itupe.

Mwambie mteja pia kwamba breki mpya hazishiki vizuri kabla hazijazoeana na dramu. Atafute barabara tupu, apunguze mwendo kutoka kilomita 65 hadi 30 kwa saa, mara 20 hadi 30, akiacha nafasi zipoe kati ya mara moja na nyingine. Wengi hurudisha trela kabla ya kufanya hivi.

Na vumbi jekundu la huko kwenu: likusanyike ndani ya dramu, hula sumaku kama msasa. Lioshe kwa maji na brashi kisha ukaushe. Usilipulize kwa kompresa, maana lainingi za zamani huenda zina asbesto, na wewe ndiye utakayeivuta puani.

Navuta boti kutoka Kisumu. Trela inaingia ziwani mara mbili tatu kwa wiki. Breki za umeme zinachukua miezi michache tu kisha zinakwama. — Mwenye boti, Kisumu

Tuseme wazi: dramu za umeme hazikuumbwa kwa kuzamishwa. Habu iliyotoka barabarani ni ya moto. Ukiitumbukiza, hewa iliyo ndani hupoa na kusinyaa, nayo huvuta maji kupitia sili. Grisi ikigeuka rangi ya maziwa ujue maji yameingia. Subiri nusu saa kabla ya kurudisha trela majini, na uchomoe plagi kwanza.

Ukitoka, endesha mwendo mdogo huku ukigusa kitelezi mara kadhaa ili kukausha. Kila mwezi fungua dramu: safisha kutu kwenye uso wa sumaku kwa msasa laini, hakikisha mkono unacheza huru, paka grisi ya joto kidogo mno kwenye egemeo lake. Tazama na nyuzi za gugumaji zilizojisokota kwenye ekseli nyuma ya bamba. Zikikauka huwa ngumu kama kamba na hukata waya wa sumaku.

Dawa ya kudumu ni kutozamisha habu hata kidogo. Ongeza bomba la kurefusha shingo ya trela, au tumia winchi na kamba ndefu. Kama haiwezekani, breki za diski za haidroli zinazoendeshwa na pampu ya umeme huvumilia maji zaidi, ila ni ghali.

Geini niweke ngapi? Na ipi bora kwa miteremko yetu, kontrola ya muda au ile inayohisi mwendo? — Msomaji, Nakuru

Hakuna namba ya wote, kwa sababu inategemea uzito wa siku hiyo. Trela ikiwa imebeba mzigo, kwenye barabara kavu ya tambarare, enda kilomita 40 kwa saa, sukuma kitelezi mpaka mwisho bila kukanyaga breki ya gari. Magurudumu yakijifunga, punguza. Yasipojifunga na trela haivuti vya kutosha, ongeza. Unataka mahali pale kabla tu ya kujifunga. Trela ikirudi tupu, punguza tena, vinginevyo utachora lami.

Kontrola ya muda hupandisha umeme kwa kasi uliyoipanga, hata kama umegusa breki kidogo au umeikanyaga kwa nguvu zote. Ni rahisi na haijali imefungwa kwa pembe gani. Inayohisi mwendo hutoa umeme kulingana na gari linavyopunguza kasi, na kwa njia ya Mau Summit sisi tunachagua hiyo. Lakini ifungwe ikielekea mbele sawasawa na ndani ya pembe iliyotajwa kwenye maelezo yake. Zile za zamani zenye pendulo huhisi hata mteremko wenyewe, hivyo hushika zaidi ukishuka na kulegea ukipanda.

Yoyote utakayochagua, usishuke umeegemea breki. Koili ya shaba ikipata joto la nyuzi 100 zaidi, ukinzani wake hupanda kwa karibu asilimia 39, na ampea hushuka kwa zaidi ya robo wakati ule unaozihitaji. Gia ndogo kabla ya mteremko kuanza.

Swichi ya dharura yenye kamba inajaribiwaje? Na je, breki hizi zinaweza kuzuia trela ikiegeshwa? — Msomaji, Bungoma

Swali la pili kwanza: hapana. Betri itaisha, na sumaku hushika tu dramu ikizunguka. Tumia vigingi au mawe.

Swichi ya dharura, ile ambayo trela ikichomoka kamba huvuta pini yake na betri ya trela hushika breki: chomoa plagi ya trela kutoka kwenye gari kabla ya kujaribu, la sivyo umeme wa betri ya trela unaweza kurudi hadi kwenye kontrola na kuiharibu. Inua gurudumu moja, vuta pini, lizungushe kuelekea mbele, lishike. Pima betri ya trela wakati pini iko nje: ikianza na volti 12.6 na kuporomoka chini ya 11 ndani ya dakika moja, ni ya kubadilisha. Rudisha pini mara moja, kwa sababu ukiisahau usiku kucha utakuta betri imekufa na sumaku zimeungua. Kamba yenyewe ifungwe kwenye fremu ya gari, si kwenye kiungo wala mnyororo wa usalama, na iwe fupi kuliko mnyororo lakini isikazike gari linapokata kona.